Shajara ya mradi: kuwatenganisha minyoo wa matamvua ya sato kwa nanga na ndoano zao

6 Februari 2024: Swali lilipotoka

Mama mmoja anayefuga sato kwenye vizimba hapa Mwanza alituletea samaki wanne wenye matamvua yaliyopauka na kufunikwa na ute mzito. Tulipoukwangua ute huo na kuuweka chini ya hadubini, tuliona minyoo wadogo wasiofika milimita moja, wakijinyoosha na kujikunja huku mkia ukibaki umeng'ang'ania palepale. Mama aliangalia kwenye lenzi kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hawa nimewanunua pamoja na vifaranga, au nimewakuta ziwani?"

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kusema tu kwamba hao ni minyoo wa matamvua. Tamvua moja la sato linaweza kubeba spishi kadhaa kwa wakati mmoja, zote zikifanana machoni, na bila kuzitenganisha hatuwezi kulinganisha samaki wa kizimbani na vifaranga au na samaki wa ziwani. Kwa hiyo nimeanza mradi huu wa kutengeneza mkusanyiko wa slaidi na mwongozo mfupi wa kutambua spishi kwa maumbile yao, na nitaandika kila hatua ili mwingine mwenye hadubini ya kawaida aweze kuifuata bila kurudia makosa yetu.

Wengi wa minyoo hawa ni wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Cichlidogyrus, ambayo mtafiti Ilan Paperna aliianzisha mwaka 1960 na ambayo leo ina spishi zaidi ya 100 zinazojulikana. Ni huntha, yaani kila mmoja ana via vya kiume na vya kike, hutaga mayai, na hawahitaji konokono wala mnyama mwingine wa kupitia: buu huanguliwa majini na kumtafuta samaki moja kwa moja. Ndiyo sababu huongezeka upesi mahali samaki walipobanana.

Mwili wao ni laini na hauna mengi ya kumsaidia mtambuzi. Yanayosaidia ni yale maumbo magumu yaliyomo ndani yake, na yako sehemu mbili. Ya kwanza ni kishikio cha nyuma, chenye jozi mbili za nanga, pau mbili zinazozishikilia nanga hizo kama pau za paa zinavyoshikilia makuti, na ndoano ndogo 14 zilizopangwa katika jozi saba. Ya pili ni kiungo cha kiume, ambacho ni bomba jembamba pamoja na kipande msaidizi kilichoungana nalo. Kazi yote ya mradi huu imo katika maumbo hayo, na mengi kati yake hayazidi mikromita 50 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita).

9 Februari 2024: Samaki wa mchana, hasara ya kwanza

Tulinunua sato 12 mwaloni saa nane mchana kwa shilingi 48,000. Walikuwa wamevuliwa usiku. Tulipofungua mifuniko ya matamvua tulikuta ute umegeuka kuwa kama uji, na minyoo wachache tuliowapata walikuwa wamefumuka miili, nanga zikiwa zimetawanyika kila moja kivyake. Nanga iliyotengana na upau wake haina thamani kwetu, kwa sababu hatujui tena kama ilikuwa ya mgongoni au ya tumboni.

Kosa la pili la siku hiyo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: tuliwaweka samaki wote kwenye ndoo moja. Minyoo hudondoka kutoka kwa samaki anayekufa na huweza kushikwa na ute wa mwingine, kwa hiyo hata wale waliobaki wazima hatukuweza kusema kwa uhakika wametoka kwa samaki yupi. Slaidi zote za siku hiyo tumezitupa.

20 Februari 2024: Samaki hai

Safari hii tulichukua sato 10 wakiwa hai, kwa shilingi 60,000, na kuwasafirisha wawili wawili katika ndoo tano zenye hewa ya pampu ya betri (shilingi 35,000). Wale wawili wa ndoo moja tuliwahesabu kama sampuli moja. Kila samaki aliuawa haraka kabla ya kupasuliwa, na matao manne ya matamvua ya kila upande yaliwekwa katika visahani vinane vyenye maji safi, kila kisahani kikiwa na lebo yake.

Matao ya upande wa kulia tuliyachunguza palepale. Ya kushoto tuliyagandisha kwa jokofu ili tuyachunguze baadaye, na hapo tukajifunza jambo lenye faida: minyoo waliogandishwa hulegea, na wakiyeyushwa hulala wamenyooka, tofauti kabisa na wale tuliowatia formalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo, kwa majaribio, ambao walijikunja wakakakamaa hata ndoano zao zikaelekea juu badala ya kulala ubavu. Formalini tumeiacha kwa kazi hii.

Kila mnyoo huinuliwa kwa sindano nyembamba hadi kwenye tone la maji katikati ya slaidi. Hatua hii inahitaji mkono uliotulia kuliko kitu kingine chochote, na ni afadhali kuifanya asubuhi.

23 Februari 2024: Ndoano zilizozidi idadi

Mwenzangu alipata mnyoo mwenye ndoano zaidi ya 30, na tukakaa naye saa nzima tukiamini tumepata kitu kipya. Alitoka katika ute wa pezi, hakuwa na madoa ya macho, na katikati ya mwili wake palikuwa na nanga nyingine, ndogo kidogo kuliko za nyuma.

Nanga zile za katikati zilikuwa za mtoto. Mnyoo yule ni wa jenasi Gyrodactylus, ambaye hatagi mayai bali huzaa, na mtoto aliye tumboni huwa tayari ana ndoano zake kamili, na mara nyingine ndani ya mtoto huyo huwa mjukuu ameshaanza kukua. Ukipandisha na kushusha lenzi polepole unawaona wakiwa mmoja ndani ya mwenzake, na nanga za mtoto zinang'aa kama za mama yake. Tangu siku hiyo tumeweka ukaguzi wa mwanzo kabla ya kupima chochote: mwenye jozi moja ya nanga, ndoano 16 za pembeni na asiye na macho ni Gyrodactylus, mwenye jozi mbili za nanga, ndoano 14 na madoa manne ya macho anaendelea kwenye hatua inayofuata.

4 Machi 2024: Kubana kupita kiasi na kutobana

Ili sehemu ngumu zionekane, ni lazima mwili laini uwe angavu na mnyoo awe bapa. Tunatumia mchanganyiko wa gliserini na amonia pikrati, ambao Göran Malmberg wa Uswidi aliupendekeza kwa minyoo wa aina hii. Namwomba yeyote anayefuata shajara hii azingatie kwamba asidi ya pikriki na chumvi zake zikikauka zinaweza kulipuka. Tuliomba kiasi kidogo kilichokwisha kuyeyushwa kutoka maabara yenye ruhusa ya kukihifadhi, na chupa yetu haiachwi wazi hata dakika moja, wala masalia hayaachwi yakauke shingoni mwake.

Slaidi 14 za kwanza ziliharibika kwa namna mbili zinazopingana. Saba tulizibana kwa kidole, na kipande msaidizi cha kiungo cha kiume kikachomoka kutoka kwenye shina la bomba. Mtu asiyejua angechora umbo ambalo halipo katika mnyoo yeyote aliye hai. Saba nyingine hatukuzibana kabisa, na nanga zikabaki zimesimama wima, kwa hiyo urefu tuliousoma ulikuwa wa kivuli chake tu.

Njia iliyofaa ni kuacha maji yenyewe yafanye kazi. Weka kifunika, yaani kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi, juu ya tone, kisha gusisha ncha ya karatasi ya kuchuja ukingoni mwake. Maji yanavutwa kidogo kidogo, kifunika kinashuka, na unamwangalia mnyoo kwenye lenzi ndogo akitandazika. Nanga zikishalala ubavu, ondoa karatasi mara moja, dondosha mchanganyiko upande wa pili ili uingie wenyewe, na baada ya siku moja ziba kingo kwa rangi ya kucha. Tangu tuanze njia hii tumetengeneza slaidi 64 na tumepoteza tano tu.

14 Machi 2024: Spishi mbili ambazo hazikuwepo

Hili ndilo kosa lililotugharimu muda mwingi kuliko yote, nami nalieleza kwa urefu kwa sababu halionekani kwa macho.

Tulikuwa tumegawana slaidi. Mimi nilipima kwa hadubini yetu, na mwenzangu kwa hadubini ya kuazima. Baada ya slaidi 30 vipimo viligawanyika makundi mawili safi: kundi moja lilikuwa kubwa kuliko jingine kwa takriban robo, kuanzia nanga na pau hadi bomba la kiume. Umbo lilikuwa lilelile. Tulikaribia kuandika kwamba sato wetu wana spishi mbili pacha, moja kubwa na moja ndogo.

Kilichotuzuia ni jozi ya pili ya ndoano. Katika Cichlidogyrus jozi hii hubaki na ukubwa wake wa ubuu, takriban mikromita 11 hivi, hata jozi nyingine zikikua namna gani. Ndiyo maana watambuzi huitumia kama rula iliyomo mwilini mwa mnyoo mwenyewe: jozi ya kwanza, na zile za tatu hadi ya saba, hulinganishwa nayo na kuitwa fupi au ndefu. Sasa katika lile kundi "kubwa" jozi ya pili ilisomeka karibu mikromita 14, kipimo ambacho hakikupaswa kubadilika.

Tuliweka slaidi ya mikromita, yaani ile yenye mstari wa milimita moja uliogawanywa mara 100, kwenye hadubini zote mbili. Kwa lenzi ya 40, kigawanyo kimoja cha rula ya jichoni (mistari ya kupimia inayoonekana ndani ya lenzi ya jicho) katika hadubini yetu kilikuwa mikromita 2.5. Katika ile ya kuazima kilikuwa mikromita 2.0. Mwenzangu alikuwa amezidisha kila hesabu yake kwa 2.5, kwa kuwa ndiyo namba iliyoandikwa kwenye daftari letu. Hakukuwa na spishi mbili. Kulikuwa na hadubini mbili.

Marekebisho tuliyofanya ni haya. Kila hadubini ina kadi yake iliyofungwa kwa uzi shingoni, yenye thamani ya kigawanyo kwa kila lenzi na tarehe ya kupimwa. Ndoano zote sasa tunazipima kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, kwa sababu kosa la nusu kigawanyo kwa lenzi ya 40 ni zaidi ya mikromita moja, na hiyo ni sehemu kubwa mno ya kitu chenye urefu wa mikromita 11. Tena hakuna kipimo kinachoingia daftarini kabla jozi ya pili haijapimwa na kuonekana iko mahali pake. Slaidi ya mikromita tuliinunua kwa shilingi 70,000. Tungeinunua siku ya kwanza tungeokoa siku tisa za kazi.

21 Machi 2024: Wachanga

Katika vipimo vilivyorudiwa lilibaki kundi dogo la minyoo tisa wenye nanga fupi na nyembamba. Nilikwisha kuwapa jina la muda, hadi nilipotafuta kiungo cha kiume na kukuta katika sita hakipo kabisa, na katika watatu ni uzi hafifu usio na kipande msaidizi. Walikuwa wachanga. Nanga zao zilikuwa bado zinakua, na kuzilinganisha na za mkubwa ni sawa na kulinganisha meno ya mtoto na ya babu yake.

Kanuni tuliyoiweka: mnyoo ambaye kiungo chake cha kiume hakijakamilika haingii katika hesabu ya spishi. Tunamhesabu kama mchanga, basi, na idadi ya wachanga yenyewe ni habari muhimu kwa mfugaji, kwa kuwa inaonyesha minyoo wanazaliana wakati huu.

2 Aprili 2024: Ngao iliyofichwa na mwanga

Pau mbili za kishikio hazifanani, na hili ndilo linalotusaidia kujua upande wa mgongo na wa tumbo hata slaidi ikiwa imegeuzwa. Upau wa tumboni una umbo la herufi V. Upau wa mgongoni ni mnene katikati na una vichomozo viwili vinavyosimama kama masikio ya sungura. Nanga zilizo jirani na upau wenye masikio ni za mgongoni. Kabla ya kuligundua hilo tulikuwa tukibadilishana majina ya nanga kutoka slaidi moja hadi nyingine, na wastani wa vipimo vyetu haukuwa na maana yoyote.

Katika slaidi saba masikio hayo yalikuwa marefu ajabu, lakini tuliziacha pamoja na nyingine tukidhani ni tofauti ya kawaida ndani ya spishi. Jana jioni umeme ulipungua nguvu, taa ya hadubini ikafifia, na katika mwanga ule hafifu nikaona kwenye upau wa tumboni kitu ambacho sikuwahi kukiona: bamba pana, jembamba kama ganda la kitunguu, lenye mistari iliyotawanyika kama mbavu za upepeo. Hiyo ndiyo alama ya Scutogyrus, jenasi ambayo Antoine Pariselle na Louis Euzet waliitenga na Cichlidogyrus mwaka 1995. Jina lake limetokana na ngao. Slaidi zetu saba ni za Scutogyrus longicornis, na sehemu ya pili ya jina hilo maana yake ni mwenye pembe ndefu.

Bamba lilikuwepo muda wote. Tulikuwa tunalizamisha kwa mwanga mwingi, tukiwa tumefungua kabisa kilango cha mwanga chini ya meza ya hadubini. Sasa tunakifunga hadi karibu theluthi moja kabla ya kuamua chochote kuhusu pau. Kwa asiye na hadubini ya gharama kubwa, hatua hii haina malipo.

15 Aprili 2024: Kishikio kinaonyesha ukoo, kiungo cha kiume kinaonyesha jina

Baada ya kutoa slaidi tano zilizoharibika, tisa za wachanga na saba za Scutogyrus, tulibaki na slaidi 43 za kugawanya. Tulianza na ndoano. Katika slaidi 16 jozi ya kwanza ilikuwa nene na ndefu zaidi ya mara mbili ya jozi ya pili, na minyoo wenyewe walikuwa wakubwa kuliko wenzao; hawa ni Cichlidogyrus halli, spishi iliyoelezwa kwanza kutoka Malawi mwaka 1967. Huyu hutambulika upesi, nami namshauri anayejifunza aanze naye ili jicho lizoee.

Slaidi 27 zilizobaki zilitusumbua, na sababu ilikuwa mimi. Nilitaka nanga zimalize kazi. Nilipima urefu wa nanga, mzizi wake, ncha yake, nikachora jedwali, na kila mara makundi yaliingiliana. Nanga na ndoano hufanana kwa minyoo wa ukoo mmoja; zinakwambia huyu ni wa mlango gani, ila zinachelewa kukwambia ni nani. Nilipoacha jedwali na kuanza kuchora kiungo cha kiume cha kila mnyoo, kwa penseli, slaidi moja baada ya nyingine, tofauti zilijitokeza zenyewe: bomba limenyooka au limepinda, shina lake limevimba kiasi gani, kipande msaidizi kinaanzia wapi, na ncha yake ni butu, imechongoka au imegawanyika.

Kwa mchoro, si kwa jedwali, slaidi 22 zilikaa makundi mawili. Kundi moja, ambalo ndoano zake zote ni fupi, tumelilinganisha na michoro ya C. tilapiae tukaridhika. La pili linaelekea C. sclerosus, spishi ambayo Paperna na Thurston waliieleza mwaka 1969 na ambayo imesafiri na sato wa kufugwa hadi Mexico, ikaingia kwa samaki wa kule. Hili la pili nitaliandika kwa penseli hadi tupate minyoo wengine waliolala vizuri. Slaidi tano zilizobaki zimeandikwa "Cichlidogyrus sp.", yaani spishi ya jenasi hiyo isiyotambuliwa bado, pamoja na namba ya samaki na ya tao, na zitabaki hivyo. Jina la kubahatisha likishaingia katika mkusanyiko, kulitoa ni kazi ngumu kuliko kuacha nafasi wazi.

26 Aprili 2024: Gharama, na hatua iliyobaki

Pamoja na samaki wa safari zote mbili, pampu na slaidi ya mikromita, tulinunua slaidi boksi mbili (24,000), vifunika (15,000), gliserini (8,000), mafuta ya lenzi (25,000) na rangi ya kucha (3,000). Jumla ni shilingi 288,000, na kati ya hizo 48,000 zilikwenda kwa samaki wa mwaloni waliotupwa.

Swali la mama mwenye vizimba bado halijajibiwa, nami nimemweleza hivyo alipokuja wiki hii. Majina tuliyoyapata yanatuambia ni akina nani waliopo kizimbani, hayatuambii waliingiaje. Amekubali kutupigia simu siku mzigo wake ujao wa vifaranga utakapofika. Tutachukua vifaranga 20 kutoka kwenye mifuko yao ya safari, kabla maji ya ziwa hayajawagusa, na siku hiyohiyo tutavua sato 10 mbali na vizimba. Visahani, kadi za hadubini na karatasi ya kuchuja viko tayari mezani.